Binti yangu anagawa chakula na nauli shuleni: nimkataze?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Uyole hapa Mbeya, nauza viazi. Binti yangu mkubwa yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Mwezi wa sita alirudi bila sweta, akasema limepotea. Baada ya wiki chache nikaliona sokoni, limevaliwa na mwanafunzi mwenzake. Nilipombana akakiri kwamba alimpa, kwa kuwa mwenzake anaishi geto peke yake na hana sweta. Kumbe hata hela ya chakula ninayompa wanakula wawili, na siku nyingine nauli anamwachia, yeye anarudi kwa miguu mpaka giza linamkuta njiani. Nimemlea akijua kutoa ni moyo, lakini sasa naona moyo huo utatufilisi. Dada yangu anasema mtoto anatumiwa, nimkataze kabisa. Baba yake ni dereva wa lori njia ya Tunduma, bado hajui. Nimkataze? Na baba yake nimwambie?

Jibu

Marahaba mama, na pole kwa sweta. Watu wakiletewa swali kama hili hukimbilia kumsifu mtoto, wakamsahau aliyelinunua hilo sweta. Mwezi wa sita Uyole sweta si pambo, na hela yake imetoka kwenye viazi vyako.

Jibu langu kwa ufupi: kutoa usimkataze. Nauli mkataze kuitoa, tena bila mjadala. Na jambo hili lote usimwachie alibebe peke yake, maana kwa maelezo yako naona binti wa kidato cha pili amejipa kazi ya mtu mzima, na hakuna mtu mzima anayejua.

Tuanze na huyo mwenzake. Wewe unaishi karibu na barabara kuu na huenda hili la geto unalisikia tu. Shule nyingi za kata zilijengwa baada ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari kuanza mwaka 2004, kwa nia ya kila kata kuwa na sekondari yake. Nia ilikuwa njema. Ila kata zetu za huku milimani ni pana, kijiji kimoja kiko bondeni na kingine kiko nyuma ya mlima, na si kila shule ina hosteli. Mzazi anafanya nini? Anampangia mtoto chumba jirani na shule, anamwachia godoro, jiko la mkaa, sufuria na kiroba cha unga, kisha anarudi shambani. Kuanzia hapo mtoto wa miaka kumi na minne ndiye mwenye nyumba. Anapika, anafua, anafunga mlango mwenyewe usiku. Ijumaa, kama nauli ipo, anakwenda kwao kuchukua unga na maharage. Jumapili jioni anarudi na mzigo kichwani.

Sisi tuliofundisha shule za kutwa tunaijua Alhamisi. Siku hiyo kiroba kimekwisha. Saa ya chakula wenzake wakitoka, yeye anabaki darasani na daftari, anasoma. Ukimuuliza anasema amefunga, au tumbo linamsumbua, au hajisikii kula. Halafu utamwona anakwenda bombani mara mbili, tatu.

Wengine watakuambia elimu sasa ni bure. Ni kweli kwamba tangu Januari 2016 ada ilifutwa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne kwenye shule za serikali, na mwaka 2022 wakafuata wa kidato cha tano na cha sita. Lakini sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vilibaki kwa mzazi. Mtoto anaweza asidaiwe hata shilingi ya ada na bado akashinda na njaa mpaka jioni.

Na njaa hiyo kuna watu wanaifahamu kuliko walimu. Msichana anayeishi peke yake, aliyechoka, mwenye njaa, akitoka shule anakutana na kijana wa bodaboda anayemwambia panda nikusogeze. Kesho chipsi. Kesho kutwa hela ya saluni. Sheria imebana: tangu marekebisho ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi au kumuoa anakabiliwa na kifungo cha miaka thelathini. Lakini sheria inafika mambo yakiwa yameshaharibika, ilhali sahani ya chakula inafika mapema. Sisemi huyo rafiki wa binti yako yuko kwenye hatari hiyo, simjui. Nasema tu kwamba wali na maharage wanaogawana unaweza kuwa unafanya kazi kubwa kuliko mnavyodhani nyinyi wawili.

Sasa hoja ya dada yako, kwamba mtoto anatumiwa. Si ya kupuuza. Wapo watoto wanaonyonywa na wenzao, nimewaona. Ila anayenyonya mwenzake ana tabia zake. Huomba mbele za watu ili mwenzake aone aibu kukataa. Akinyimwa hununa, hutangaza, hutishia urafiki. Na mara nyingi anachoomba si cha shida. Ni vocha, ni mafuta ya nywele, ni soda. Huyu binti alichopata ni sweta wakati wa baridi, na akalivaa sokoni mchana kweupe, mahali ambapo mama mwenye sweta anafanya biashara. Mtu aliyelipata kwa hila angelivaa hivyo? Mimi naona ni mtoto aliyepewa kitu na akaamini kwamba amepewa.

Hata hivyo usinitegemee mimi niliye mbali. Siku mkiwa mnamenya viazi, bila kumkazia macho, muulize binti yako: siku ambayo wewe hukuwa na hela, ilikuwaje? Akijibu kwamba walikaa tu wakapiga stori, au mwenzake alitoa karanga zake wakala, basi ni rafiki. Akisitasita, au akikuambia siku ile yeye hakwenda kabisa kwenye kundi lao, hapo dada yako ana hoja. Angalia pia anampa nani. Kumpa mtu mmoja mwenye shida inayoonekana ni tofauti na kumpa kila anayecheka naye. Mtoto wa namna ya pili anaogopa kubaki peke yake, na dawa yake ni kumtafutia mahali anapokubalika bila kulipa: kwaya, netiboli, skauti.

Uongo wa sweta ushughulikie kivyake. Alikudanganya kwa sababu alijua utasema hapana, na pengine ungesema. Mwambie wazi: sikugombezi kwa kumpa mwenzako, nakugombeza kwa kuniacha nitafute sweta ambalo halikupotea. Ukiyachanganya hayo mawili atajifunza kwamba wema ndio kosa, na safari ijayo atatoa vilevile ila atadanganya vizuri zaidi.

Kwenye chakula, ushauri wangu ni huu: acha kumpa hela, mfungie hotipoti. Jaza ya watu wawili. Wewe uko Uyole, viazi unavyo, maharage na ndizi haviko mbali. Chakula cha nyumbani cha wawili hakizidi sana hela unayompa akanunue cha mmoja. Zaidi ya hapo, kitu kilichokuwa siri ya mtoto kinakuwa jambo la nyumba yenu, na wewe unajua kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Usimpe maagizo mengi. Yeye mwenyewe anajua namna ya kumkaribisha mwenzake asione aibu. Wasichana wa umri huu ni mafundi wa jambo hilo, utamsikia anasema nisaidie kumaliza, mama ataniuliza nikirudisha. Mtu mzima angeharibu kwa kusema chukua, najua huna.

Nauli ni jambo jingine. Msichana wa miaka kumi na mitano kutembea peke yake gizani kando ya barabara ya malori ni hatari, na hapo sijali nia yake ilikuwa nini. Mpe kanuni fupi asiyoweza kuipindisha: nauli haigawanywi, na sare aliyoivaa haivuliwi bila kuniambia kwanza. Upimaji wa kidato cha pili ukikaribia, daftari la somo nalo libaki kwake, mwenzake anakili wakiwa pamoja. Vingine vyote tujadiliane. Watoto hawachukii mipaka kama tunavyodhani. Mpaka unampa kitu cha kusema: mama amekataza. Hiyo ni njia ya heshima ya kukataa bila kuvunja urafiki, na mwachie aitumie hata siku ambayo hukukataza.

Nikwambie na kitu ambacho hesabu zako za sweta na nauli hazikukionyesha. Vitu ni sehemu ndogo tu ya wema unaohitajika darasani. Niliwahi kufundisha shule moja ya kutwa huko Mufindi, ukungu wa asubuhi unaingia mpaka darasani. Mwalimu mwenzangu, mwanaume, akiwa anafundisha hesabu, alimwita msichana mmoja akafanye swali ubaoni. Msichana hakuinuka. Akaitwa tena, kimya. Darasa likaanza kugeuka kumtazama. Aliyekaa naye dawati moja akasimama na kusema, mwalimu naomba niende mimi. Akaenda, akakosea vibaya, darasa likamcheka mpaka akarudi kukaa. Kengele ya mapumziko ilipolia, huyohuyo akavua sweta lake, akalifunga kiunoni mwa mwenzake, wasichana wanne wakamweka katikati, wakatoka wakienda vyooni kama watu wanaopiga soga. Sketi ilikuwa imechafuka. Wavulana hawakujua, na mwalimu wa hesabu alikuja kujua baada ya sisi walimu wa kike kumwambia. Yule binti alichukua kicheko ambacho kingekuwa cha mwenzake. Hakutumia hata senti.

Kwa hiyo ukitaka kumwongoza binti yako, mwongoze huko. Chukua Kiingereza. Watoto wengi wanatoka shule ya msingi wamesoma kila kitu kwa Kiswahili, wanafika kidato cha kwanza wanakuta biolojia, jiografia na historia vyote kwa Kiingereza. Ukimsikiliza mtoto anavyosoma kwa sauti, anapepesuka kwenye kila neno, na nyuma yake kuna anayenong'ona na kucheka. Anayechekwa mara mbili hanyooshi mkono tena mwaka mzima, wala hatauliza akiwa hajaelewa. Kama binti yako yuko vizuri kidogo, kukaa na mwenzake kwenye diskasheni nusu saa, akamweleza swali kwa Kiswahili kisha wakaliandika pamoja kwa Kiingereza, kuna thamani kuliko masweta mawili. Naye atafaidika, kwa sababu kitu ukishamfundisha mtu hukisahau kwa shida sana.

Wavulana nao wanafanyiana wema, msidanganyike. Ila wanauficha kwenye matusi ya utani: chukua njumu zangu, mguu wako mbaya kama wa bata. Ni lugha yao, waacheni.

Kuna jambo jingine, na hapa nenda taratibu. Binti yako huenda anajua mambo ya rafiki yake ambayo hakukuambia. Usimkamue. Kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na zaidi yalikuwa asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 kwetu Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Maana yake madarasa ya mikoa hii yana watoto waliolelewa na bibi kwa sababu wazazi walitangulia, na wengine wanameza dawa kila siku kwa saa yake. Rafiki anayejua na akafunga mdomo, ambaye saa ya dawa ikifika anasema twende tukanywe maji, anafanya kitu ambacho watu wazima wengi tumeshindwa. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 yenyewe inakataza kutangaza hali ya mtu bila ridhaa yake. Ukimlazimisha binti yako akupe siri ya namna hiyo, utakuwa umemfanya msaliti.

Lakini ipo siri ya namna nyingine. Mwenye nyumba anayegonga mlango usiku. Mjomba anayemshika. Mwalimu anayemtaka. Rafiki anayesema hataki kuishi. Hizo mtoto haruhusiwi kuzitunza, na ni lazima aambiwe mapema, kabla hazijafika. Mwambie hivi: ugonjwa wa mtu ni wake, akitaka atasema mwenyewe. Mtu akiumizwa, tunaambiana, hata kama alikuapisha. Na kama anaona ugumu kukuambia wewe, namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto inapigwa bure, kituo cha polisi kina dawati la jinsia na watoto, na shuleni yupo mwalimu wa malezi. Wasichana wengi hunyamaza kuhusu ujauzito wa mwenzao wakidhani ndio mwisho wa shule. Siyo tena. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu aliyeacha masomo kwa sababu ya ujauzito arudi shuleni baada ya kujifungua.

Basi nenda shule. Usiende na sweta kinywani. Mtafute mwalimu wa malezi, mweleze kwamba kuna mwanafunzi anaishi peke yake na wiki humwishia kabla ya Ijumaa, na uliza mambo mawili. Kwanza, mzazi wake anajua? Usishangae ukiambiwa hajui. Mtoto akifika nyumbani huficha, anaona mama yake alivyochoka, anasema unga ulitosha. Simu moja ya mwalimu inaweza kurekebisha, hata kwa kuongeza debe la viazi. Pili, kuna hosteli au familia jirani inayoweza kumpokea kwa siku za shule? Mwalimu akiona jambo ni zito atalipeleka kwa afisa ustawi wa jamii, ni kazi yao hiyo. Jina la mtoto lisitoke kwenye chumba hicho. Wewe ni mfanyabiashara, unajua habari inavyotembea sokoni.

Na kwenye kikao cha wazazi, chakula cha mchana kikitajwa, usikae kimya. Vile viazi vidogo ambavyo wanunuzi wa Dar es Salaam wanavitupa pembeni wakichambua, ukikubaliana na wenzako wawili watatu mkavipeleka shule kila wiki, mpishi hatawauliza ukubwa. Mkifika hapo binti yako atapumzika, kwa sababu mwenzake atakula pamoja na wote, si kwa sababu ana rafiki mwenye huruma.

Nimalizie na baba yake. Mwambie. Akija kulisikia kwa dada yako au kwa mwalimu, halitakuwa tena jambo la sweta, litakuwa jambo la kwamba mnamficha. Tena nadhani unamwogopa bure. Dereva wa masafa marefu anajua maana ya kukwama mlima Kitonga usiku na kuokolewa na dereva asiyemjua, akampa spana na sahani ya ugali. Anza kumweleza habari ya msichana anayeishi peke yake, na ulivyopanga kuhusu chakula. Kisha nauli na giza, hapo atakasirika na ana haki, mwache akasirike binti akiwa hayupo. Sweta liache la mwisho kabisa. Mwambie akiwa nyumbani ameshapumzika, si kwa simu akiwa barabarani.